Chungu Kipya cha Chuma: Tupike Nini Ndani Yake?

Leo twataka kusema habari ya chombo kimoja cha jikoni, nacho ni chungu kizito cha chuma kilichopakwa enameli. Huenda wengine wenu mtashangaa kuona mwalimu ameacha chaki na ubao akaingia jikoni. Lakini mtakapokwisha kusikia habari yote mtaona ya kuwa ndani ya chungu hiki mna mambo ya afya, na ya kuni, na ya usalama wa watoto wetu. Basi si habari ya kudharauliwa.

Yuko bibi mmoja, jirani yetu huku mlimani, ambaye binti yake hufanya kazi ng'ambo. Binti huyo alipokuja likizo alimletea mama yake chungu cha namna hiyo, chekundu kwa nje na cheupe kwa ndani, kizito hata mtoto hawezi kukiinua. Bibi alifurahi sana, akakiweka juu ya kabati karibu na picha za harusi, nacho kikakaa huko mwaka mzima. Tulipomwuliza sababu, alitujibu, "Mwalimu mwanangu, nipike nini humo? Kwa chai ni kikubwa, kwa ugali ni kizuri mno, na kwa ndizi naogopa, maana chuma huzitia ndizi weusi."

Maneno ya bibi huyu yana maana, wala hayakutoka katika ujinga. Basi na tumjibu kwa utaratibu, maana twajua ya kuwa viko vyungu vingi kama hicho katika nyumba za Moshi, Marangu, Machame, Kibosho na Rombo, vilivyokaa juu ya makabati vikingoja jibu hilo hilo.

Kwanza yafaa tujue chombo chenyewe. Chungu hiki hakikufuliwa kwa nyundo; kilisubiwa, yaani chuma kiliyeyushwa motoni hata kikawa kama uji, kisha kikamiminwa ndani ya kalibu ya mchanga, kikapoa humo. Kazi hii ni ya zamani. Mwaka 1707 Mwingereza mmoja, Abraham Darby, alipewa hati ya haki yake ya kusubu vyungu vya chuma kwa kalibu za mchanga. Baadaye mafundi wa Ulaya walijifunza kuvipaka vyungu hivyo enameli, na mwaka 1925 kiwanda cha Le Creuset kilianza kazi hiyo katika mji wa Fresnoy-le-Grand nchini Ufaransa, nacho kingali kikiifanya. Enameli si rangi kama ile ya kupaka milango. Ni unga wa kioo, uliowekwa juu ya chuma ukayeyushwa katika tanuri yenye joto la nyuzi karibu 800, hata ukashikamana na chuma kama ngozi na nyama.

Huku kwetu chuma si kitu kigeni. Wahunzi wa Ugweno, katika milima ya Upare ya Kaskazini, walikuwa mashuhuri tangu zamani, na chuma chao kilifika kwa Wachaga kikawa majembe na mikuki. Walakini chakula kilipikwa katika chungu cha udongo, na sababu moja ndiyo ile aliyoitaja bibi. Ndizi mbichi zina ukakasi unaokaza ulimi. Ukakasi huo wataalamu huuita tanini. Tanini ikikutana na chuma kitupu hugeuka nyeusi. Ninyi mliosoma habari za wino mwajua ya kuwa wino wa kale wa Ulaya ulitengenezwa kwa njia hiyo hiyo: tanini ya miti ilichanganywa na chumvi ya chuma, na watu wakaandikia. Basi mtu apikaye ndizi katika chuma kitupu ajipikia wino kidogo. Hauleti madhara, lakini ni nani apendaye mtori wenye rangi ya kijivu?

Lakini katika chungu chenye enameli ndizi hazikigusi chuma. Zagusa kioo tu. Kwa hiyo hubaki na weupe wake kama katika udongo. Na hili ndilo neno tunalotaka mlishike kuliko mengine yote leo: chungu cha chuma chenye enameli si ndugu wa sufuria, ni ndugu wa chungu cha udongo. Kipeni vyakula vya chungu, vile vipikwavyo polepole, nacho kitawatumikia hata wajukuu wenu. Kipeni haraka ya sufuria, nacho kitaharibika.

Tazameni sababu yake. Sufuria zetu nyingi ni za alumini. Alumini hupitisha joto upesi, mara nne au zaidi kuliko chuma cha kusubu. Huwaka upesi na kupoa upesi. Chuma hupokea joto polepole, nacho ni kizito, huenda kilo 4 au 5, hivyo kikiisha kupata moto hukaa nao muda mrefu. Ukitia nyama baridi ndani yake hakishtuki. Ukipunguza kuni hakizimiki mara moja. Kifuniko chake nacho ni kizito, mvuke hutoka kidogo tu, na mwingine hurudi chini kama matone ya mvua. Chombo cha namna hiyo hakihitaji moto mkubwa. Chataka moto mdogo na mpishi mwenye subira.

Basi chakula cha kwanza kukizindua na kiwe mtori. Chukueni kilo 1 ya nyama ya kifua au ya mbavu pamoja na mifupa yake. Tieni mafuta kidogo chunguni, mkipashe moto kwa moto wa wastani, kisha kaangeni nyama kidogo kidogo hata ipate rangi ya kahawia pande zote. Usiijaze yote kwa mara moja, maana itatoa maji ichemke badala ya kukaangika. Kisha tieni kitunguu, chumvi, na maji lita 2. Yakichemka punguzeni moto, mfunike, mwache kwa muda wa saa mbili, maji yakitokota taratibu tu. Wakati huo menyeni ndizi mshare mbichi kumi, mziweke ndani ya maji zisiwe nyeusi kwa hewa. Nyama ikilainika, itoeni mwondoe mifupa, mpike ndizi katika supu ile hata zilainike kabisa. Zipondeni kwa mwiko wa mti, wala si kwa chuma. Rudisheni nyama iliyokatwa vipande vidogo, ongezeni maziwa au siagi kidogo, na mtori u tayari. Hiki ndicho chakula ambacho mama zetu huku mlimani humpa mwanamke aliyejifungua ili arudishe nguvu, na hakuna chungu kisichokuwa cha udongo kilicho bora kwa kazi hiyo.

Kadhalika machalari, yaani ndizi zilizopikwa pamoja na nyama bila kupondwa. Hapa hata nyanya na ndimu zaweza kutiwa bila hofu, maana asidi yake, ambayo katika chuma kitupu hula chuma na kuleta ladha kama ya msumari, haipenyi katika kioo. Na makongoro ya ng'ombe yafaa sana. Kwato na mishipa ni migumu kwa sababu ya nyuzi ngumu zilizomo. Lakini zikikaa katika maji ya moto muda wa saa tatu au nne, nyuzi hizo huyeyuka, zikaifanya supu kuwa nzito yenye kunata midomoni. Hivyo sehemu za mnyama zilizo rahisi sokoni hugeuka kuwa karamu, na mwenye fedha kidogo hula vizuri.

Sasa twafika mahali ambapo twawaomba msikilize kwa makini, nako ni habari za maharage. Chungu hiki ni kizuri sana kwa makande, ambayo wengi wetu huita ng'ande, na kwa kiburu cha ndizi na maharage. Walakini maharage, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili ndani yake. Mtu akila maharage mabichi manne au matano tu aweza kutapika na kuharisha katika muda wa saa chache. Sumu hiyo huharibiwa na maji yachemkayo sana. Maji ya moto tu hayatoshi. Na jambo la hatari ni hili: maharage yaliyokaa muda mrefu katika joto dogo, kama nyuzi 80, yaweza kuwa na sumu kali kuliko mabichi. Mpishi huonja, huona yamelainika, hupakua, na watoto huugua.

Nasi tukaao mlimani tuna sababu ya kujihadhari zaidi. Mwajua shuleni tulifundishwa ya kuwa maji huchemka kwa nyuzi 100. Hiyo ni kweli pwani, Tanga au Dar es Salaam. Lakini kadiri tunavyopanda juu, hewa hupungua uzito, na maji huchemka kabla ya kufika joto hilo. Hesabu ya karibu ni kupungua nyuzi 1 kwa kila mita 300. Mjini Moshi, palipo na kimo cha mita kati ya 800 na 900, maji huchemka kwa nyuzi 97 hivi. Kwenye lango la Marangu, zaidi ya mita 1,800, ni kama nyuzi 94. Wapagazi wapikao kambini Horombo, mita 3,720, maji yao huchemka kwa nyuzi kama 88, na mtu akichemsha maji kileleni Uhuru, mita 5,895, yatatokota kwa nyuzi karibu 80 tu. Kuongeza kuni hakuongezi joto la maji yaliyokwisha kuchemka. Huongeza mvuke tu. Ndiyo maana maharage ya Rombo juu hukawia kuiva kuliko yale yale yakipikwa Tanga, wala si kosa la mpishi.

Basi fanyeni hivi. Lowekeni vikombe viwili vya maharage na vikombe viwili vya mahindi yaliyokobolewa, kila kimoja chombo chake, usiku kucha. Asubuhi mwageni maji yale, mtie maji mapya. Chemsheni maharage bila kufunika, yatokote kwa nguvu hasa. Kwa kawaida dakika 10 hutajwa kuwa zatosha, na wataalamu wengine husema dakika 30. Sisi tukaao juu yafaa tushike hizo 30. Baada ya hapo tu ndipo mwaweza kuyaunganisha na mahindi, kupunguza moto na kufunika. Nyanya na ndimu zingojeni mpaka mwisho, kwa sababu asidi huyafanya maharage yakatae kulainika. Magadi kidogo huharakisha kazi, na kiburu bila magadi wengine hawakiiti kiburu; lakini magadi mengi huiharibu vitamini B1 ya maharage, tena huuondoa mng'ao wa enameli. Ncha ya kijiko yatosha.

Na hapo ndipo uzito wa chungu unapotuletea faida ya kuni. Tangu mwaka 2005 msitu wa mlimani umeingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, ambayo ilianzishwa mwaka 1973, na kila mwenye akili ajua ya kuwa msitu huo ndio unaotunza maji ya mifereji yetu. Kuni zetu ni matawi ya mibuni yaliyopogolewa na miti ya mipakani, nazo hazitoshi. Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ukiwa na shabaha ya kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034. Hata hivyo gesi nayo ni fedha, na mtungi ukiisha katikati ya mwezi mama hurudi kwenye mafiga.

Basi jaribuni kapu la joto. Chukueni kapu kubwa au sanduku, mtandike ndani majani makavu ya migomba, mengi, yaliyoshindiliwa chini na pembeni, mkiacha shimo katikati. Makande yakiisha kuchemka kwa nguvu kama tulivyosema, kisha yakatokota saa moja kwenye moto mdogo, kifunikeni chungu, mkiingize kapuni kikiwa cha moto vile vile, mkifunike kwa mto wa majani na blanketi. Kiacheni saa tatu au nne. Joto halina pa kutokea, na chuma kile kizito hulishika. Chakula huendelea kuiva bila hata kijiti kimoja cha kuni, na mama aweza kwenda shambani au sokoni Kiboroloni. Masharti ni mawili. Chungu kijae zaidi ya nusu, maana chakula kidogo hupoa upesi. Tena mkikitoa, kichemsheni upya kabla ya kula, mkiendelea kama bado hakijalainika. Sufuria nyepesi yaweza kufanya hivyo kidogo, lakini chungu kizito hufanya vema zaidi.

Huenda mtauliza habari za wali. Wapishi wa pwani hupalia makaa juu ya kifuniko ili wali uive pande zote. Kwa chungu chenye enameli hatushauri kupalia, hasa kama kishikio cha kifuniko si cha chuma. Wala hakuna haja: maji yakikaribia kukauka, punguzeni moto kabisa, mfunike, mwache dakika 20. Chuma chenyewe kitafanya kazi ya yale makaa.

Sasa na tutaje vile visivyofaa. Msikaange bisi humo juu ya moto mkali, wala msikioke chungu kikiwa kitupu. Ugali waweza kupikwa, lakini ukoko wake hushika, na mtu mwenye haraka huukwangua kwa kisu; heri ugali ubaki katika sufuria yake. Tena msidhani ya kuwa chungu hiki huongeza chuma mwilini kwa mtu aliyepungukiwa damu. Chuma kitupu hutoa kidogo katika chakula chenye asidi, lakini kilichofunikwa kwa kioo hakitoi. Mwenye upungufu wa damu na aende hospitali.

Katika utunzaji wake, twawaonya kwa kosa letu wenyewe. Siku moja tulikiweka chungu motoni kikiwa kitupu, tukaitwa mlangoni na mgeni, tukasahau. Tuliporudi kilikuwa cha moto sana, nasi kwa hofu tukamwaga maji baridi ndani. Tulisikia mlio kama wa kijiti kikavu kinachovunjika, na enameli ikapasuka chini. Sababu yake ni kwamba kioo na chuma havitanuki wala kusinyaa kwa kadiri moja. Vikishtushwa ghafula, kilicho dhaifu hukatika. Chungu kile hakikufaa tena kupikia, maana kikibanduka ndani, vipande vya kioo vyaweza kuingia katika chakula. Fedha ya miezi kadhaa ilipotea kwa dakika moja.

Kwa hiyo kianzisheni kwa moto mdogo, chenye mafuta au maji ndani. Kikisha kazi kiacheni kipoe chenyewe kabla ya kukiosha. Kama chakula kimeshika, tieni maji ya uvuguvugu kiloweke. Msitumie mchanga wala steelwaya. Kwenye mafiga kitueni polepole, maana jiwe huimega enameli ya chini. Ukingo wake, ambao mara nyingi haukufunikwa vema, upakeni mafuta kidogo usishike kutu. Haya ni mambo madogo, lakini haba na haba hujaza kibaba.

Na yule bibi jirani yetu? Tulimweleza haya yote, akatusikiliza kwa adabu, lakini hakukishusha chungu. Akasema atafikiri. Miezi mitatu baadaye mkwe wake alijifungua mtoto wa kiume, uzazi mgumu, naye akarudi nyumbani amedhoofika. Asubuhi ile tulipopita kumpa hongera, tuliona mahali patupu juu ya kabati, katikati ya picha za harusi. Chungu kilikuwa jikoni juu ya moto mdogo, chini kimeshika masizi, na bibi ameketi kigodani akiponda ndizi kwa mwiko. Alitupakulia kidogo katika bakuli, akatuonyesha kwa kijiko bila kusema neno. Mtori ulikuwa mweupe.

Basi, Mabibi na Mabwana, ninyi mlio na chungu cha namna hiyo, kishusheni. Zawadi isiyotumika ni mzigo wa kabati tu, na mtoto aliyeileta kutoka mbali alitaka mama yake ale, wala si atazame. Chemsheni maharage kwa nguvu, pikeni vingine kwa upole, nanyi mtakula vizuri na kuni zenu zitabaki. Kwa leo twaishia hapa. Kwaherini.